Picha Yenye Tundu

Ukipita kijiweni kwetu Kirumba jioni, pale wanapokaa washikaji wanaojaribu kuandika, utasikia hadithi za kila aina. Mmoja anaandika riwaya ya jambazi wa Johannesburg, ilhali safari yake ndefu kuliko zote ni ya Shinyanga. Mwingine yuko kwenye mapenzi ya binti wa balozi. Si vibaya, mwandishi hafungwi kamba. Lakini, ndugu msomaji, nimeanza kuamini kwamba hadithi nzito kuliko zote tunazilalia. Ziko chini ya vitanda vya bibi zetu, ndani ya masanduku ya bati, zinanuka dawa ya nondo na zinangoja mtu wa kuuliza.

La bibi yangu ni sanduku la kijani, limebonyea pembe moja. Babu alivuka nalo ziwa kutoka Ukerewe alipokuja kuishi Mwanza mjini. Alifariki mwaka 2009 nami nikiwa ndiyo kwanza naanza darasa la kwanza, na ufunguo ukabaki kwa bibi. Ndani mna vitu ambavyo dalali yeyote wa Mlango Mmoja asingevitolea hata mia tano: bunda la stakabadhi za pamba lililofungwa kwa uzi, sindano ya mti ya kushonea nyavu, kanga mbili ambazo hazijawahi kuvaliwa, na picha kumi na nne. Nimezihesabu mara nyingi. Kuna pia ufunguo mdogo wa kufuli, lakini huo haukai sandukuni. Bibi huufunga kwenye pindo la kanga aliyovaa, na akibadili kanga anauhamisha.

Nianze na picha kongwe kuliko zote, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba picha haitazamwi tu, husomwa.

Babu amesimama kando ya mizani ya kupimia pamba. Kavaa kaptula pana, kalamu mbili mfukoni, na hatabasamu hata kidogo. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino: 1957. Sisi wajukuu tulizoea kumcheka. Mtu gani anakwenda kupiga picha na mizani? Watu hupiga picha na baiskeli, na redio, na mchumba!

Jibu sikulipata nyumbani, nililipata maktaba ya mkoa. Miaka hiyo wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawaibia kwenye mizani. Mkulima analima msimu mzima, anabeba mzigo kichwani, kisha mtu mmoja anagusa chuma kidogo na jasho lote linapungua. Basi wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji, watu wanaojua kusoma tarakimu. Kutoka hapo vikaota vyama vya msingi, na kijana mmoja wa huku huku kwetu, Paul Bomani, akawa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu hapa Mwanza, na haukupita muda muungano huo ukawa mmoja wa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha baada ya Uhuru.

Kumbe babu hakusimama pale kwa kukosa kiti! Alisimama kando ya mizani kama askari anavyosimama kando ya bunduki yake.

Nikarudi kwenye lile bunda la stakabadhi. Zimepangwa mwaka kwa mwaka, kwa mwandiko ule ule wa karani asiye na haraka. Kisha zinakoma ghafla, mwaka 1976. Ndio mwaka ambao serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Baada ya karatasi ya mwisho, kitu kinachofuata sandukuni ni ile sindano ya nyavu. Hakuna aliyenisimulia, sanduku lenyewe lilinieleza: karani alivua kalamu mfukoni akaenda kuvua samaki. Na kwa sababu miaka ya 1980 sangara walizagaa ziwani, samaki ambaye alipandwa humu zamani za ukoloni, babu hakufa njaa. Viwanda vya minofu vilipoanza kujengwa Mwanza, nyumba yetu ikapata bati jipya. Na mwaka 1994 familia nzima ikaenda studio, Makoroboi, kupiga picha ya rangi.

Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nyuma yao kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji na maua ambayo hayaoti popote mkoani Mwanza. Babu na bibi wamekaa mbele. Watoto wao watano wamesimama nyuma. Wa mwisho kushoto ni baba yangu, umri miaka kumi na mitatu, ukosi wa shati umemzidi shingo. Kando yake kuna tundu. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kimekatwa kwa wembe, kwa uangalifu, bila kuwagusa wa pembeni. Chini ya tundu limebaki gauni la buluu lenye lesi nyeupe pindoni, na miguu iliyovaa ndala mpya. Na kwenye bega la baba umebaki mkono wa kushoto wa mtu ambaye hayupo.

Mtu huyo ni shangazi yangu, na tulilojua watoto ni hilo tu. Wakubwa ukiwauliza wanakuambia nenda kachote maji. Basi tukajaza wenyewe. Binamu mmoja alisema shangazi alitoroka na mwanamuziki wa Kikongo, babu akamkata kwa hasira. Mwingine akasema alizaa nyumbani. Wa tatu, yule mwenye kipaji kutuzidi wote, alisema shangazi alikuwa na majini na sura yake ilitoka yenyewe kwenye karatasi. Kila sikukuu tundu lile liliongezewa hadithi, na kila hadithi ilimfanya shangazi awe mwanamke mbaya zaidi. Maana kwetu mtu akikatwa kwenye picha, umeelewa: amefukuzwa.

Krismasi ya mwaka 2023 ukoo ulikutana Kirumba. Binamu yangu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa amekusudia kutuletea zawadi. Aliipiga ile picha kwa simu, akaipeleka kwa kijana mmoja wa kompyuta, akasema "niwekee safi". Ikarudi kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Kwa kweli ilikuwa bomba. Rangi zilikuwa zimerudi, mikunjo imeondoka. Tundu halikuwepo. Yule kijana aliwasogeza watu karibu, gauni la buluu akaligeuza pazia, na mkono begani kwa baba akaufuta. Watu wakapiga makofi.

Bibi akaomba miwani. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye bega la baba.

"Mkono uko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Binamu akaanza kueleza habari za kompyuta. Bibi hakumsikiliza. Akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Huyu mtoto mmemzamisha mara ya pili."

Baba akainuka, akatoka nje. Sherehe ikaishia hapo, ingawa wali ulikuwa bado mezani.

Usiku bibi akaniita chumbani. Kwa utani wetu wa siku zote huniita mume wake, na usiku ule hakuacha. "Mume wangu, njoo na daftari. Si wewe unayejifanya mwandishi? Leo andika."

Nikakaa chini, kwenye mkeka. Nitakalosema sasa ni lake, mimi nimepanga tu.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Lile gauni la buluu alilishona mwenyewe. Mwaka 1995 alivuka kwenda Bukoba kwa ndugu aliyekuwa na duka la kushona, akawa anatuma chochote nyumbani. Mei 1996 wazee wa kijana mmoja wakaleta neno kwamba wangependa kuja kuzungumza habari ya posa. Bibi hajui kuandika. Akamkalisha baba yangu, wakati ule ana miaka kumi na mitano, akamwambia cha kuandika: njoo upesi mwanangu, usipitishe wiki. Baba akaandika, akapiga muhuri wa chai, maana kikombe kilikuwa juu ya karatasi, wakacheka wote wawili. Barua ikaenda.

Shangazi akapanda meli ya MV Bukoba Jumatatu jioni, tarehe 20 Mei. Ndugu yake alimsindikiza hadi bandarini, akamwona akiingia. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa si mbali tena, meli ikapinduka.

Ndugu msomaji wa umri wangu, sisi hatukuwepo duniani, tumeikuta kama jina tu. Meli ile ilijengwa kubeba abiria kama 430. Siku ile orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo sababu mpaka leo hakuna anayeweza kutaja hesabu kamili ya waliokufa, ingawa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya kitaifa ya siku tatu. Wengi walizikwa Igoma, hapa hapa Mwanza, na makaburi yao yapo.

Shangazi alikuwa daraja la tatu, nauli ya fundi cherehani. Hakukuwa na karatasi yoyote duniani iliyosema kwamba alikuwemo.

"Babu yako alirudi mchana akasema wanataka picha," bibi alisimulia. "Picha zake nyingine zote alikuwa nazo yeye, kwenye sanduku lake la safari. Tulikuwa na hii moja. Nikamwambia chukua yote. Akakataa. Akasema haifai sisi tulio hai kupelekwa mahali pa maiti, hata kwa sura. Akaomba wembe. Mimi nilimshikia taa. Alikata polepole, mikono ilikuwa inatetemeka, lakini angalia, hakumgusa baba yako hata nywele."

Siku nane babu alizunguka na kile kipande kwenye mfuko wa shati, mfuko ule ule wa kalamu. Alikionyesha kwa waliokuwa wanatambua miili, kwa wavuvi, kwa watu waliookoka. Siku ya tisa mtu mmoja mezani akamwomba akiache walinganishe vizuri, arudi kesho. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Mwishowe alikuta hata meza imeondolewa. Kile kipande hakikurudi. Shangazi hakuonekana.

"Sasa umejua," bibi akasema. Halafu akafungua pindo la kanga, akaniwekea ule ufunguo kiganjani. "Kufuli la sanduku lake la safari lilikuwa na funguo mbili. Alikwenda na mmoja, mwingine akaniachia mimi, asije akapoteza wake. Sanduku liko ziwani. Ufunguo ninao."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo, na sisi tunamtungia shangazi majini na Wakongo.

"Ningewaambia nini? Mimi ndiye niliyemwita."

Hapo ndipo nilipomwelewa baba pia. Ukitaja meli nyumbani kwetu, baba huinuka kwenda kuangalia kuku. Barua ilitoka kinywani mwa bibi, lakini mwandiko ni wake. Kwa karibu miaka thelathini watu wawili wamekula meza moja, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyemuua yule binti, na kila mmoja akinyamaza ili asimkumbushe mwenzake. Nasi wajukuu tukausoma ukimya ule kama hasira. Lile tundu lilikatwa na mtu aliyekuwa anamtafuta mwanawe.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili, na fikra zangu zimenivusha ziwa hadi kwa babu, Ukerewe. Huko aliishi mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya kwa Kikerewe. Hakupata mchapaji. Akangoja, akazeeka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka thelathini na mitano! Mzee alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa sekondari, nilishangaa jinsi anavyokwenda polepole. Wageni wakija, anaeleza walivyopokelewa. Pombe ikipikwa, anaeleza hatua zote. Mtu akiugua, unaijua dawa na anayeichimba. Nilijiuliza kwa nini haharakishi aende kwenye mkasa. Baada ya usiku ule na bibi nimeelewa. Mzee yule alikuwa anaona vitu vinaondoka na hakuna anayeviorodhesha. Kila kitu kilikuwa daraja la tatu. Naye akaamua kuandika majina yote, hata ya vitu vidogo, asiachwe mtu wala kitu nje ya karatasi.

Basi nami nikaanza kumuuliza bibi vitu vidogo. Sikumuuliza habari ya kifo tena, hiyo ameshaisema. Nilimuuliza shangazi alikuwa anacheka vipi. Alikuwa anaziba mdomo, kwa sababu ya jino moja lililopanda juu ya jingine. Alipenda chakula gani? Furu wa kukaanga, wale samaki wadogo ambao sangara karibu awamalize, na kila wakipungua sokoni alimlaumu babu kama vile yeye ndiye aliyemleta sangara. Mkono aliotumia? Wa kushoto, na mkasi ulikuwa unamsumbua. Alikuwa anaimba akishona? Hapana, alikuwa anahesabu. Anahesabu nini? Bibi akacheka, mara ya kwanza kwa jambo la shangazi: "Hela."

Unaona, msomaji? Picha isingenipa hata kimoja katika hivyo. Kile kipande kingebaki, ningekuwa na binti mzuri wa studio aliyefunga mdomo kuficha jino. Sasa sina sura yake, lakini nikimwona anapita sokoni Kirumba nadhani ningemjua.

Ninyi mnaoandika, na hata msioandika, nawaomba jambo moja lisilohitaji kipaji. Nendeni mkaombe lile sanduku lifunguliwe. Msiulize "nieleze historia ya ukoo", mzee atakutajia majina saba ya wanaume na kunyamaza. Chukua kitu kimoja, mpe mkononi, uliza: hiki kilikuwa cha nani? Geuza picha uone nyuma, mara nyingi huko ndiko kwenye maneno. Mahali karatasi zinapokoma, uliza mwaka huo palitokea nini nchini. Waulize wakubwa mmoja mmoja, si barazani mbele ya wote, kwa sababu wengi wananyamaza kwa ajili ya aliyekaa jirani. Na andika kwa penseli, wino huvuja upande wa pili. Picha za simu zetu tunazo maelfu, lakini simu ikianguka majini zimekwisha, na hata zikibaki hazisemi ni nani kasimama na nani.

Ile fremu ya dhahabu imebaki sebuleni. Bibi hakutaka binamu aone aibu, kwani alileta kwa moyo mwema. Tulitoa tu ile picha safi, tukaweka ya zamani, yenye tundu. Mgeni akiuliza, siku hizi anajibiwa.

Baba alikaa miezi miwili hajaniuliza niliandika nini. Jumapili moja nilikuwa namsomea bibi kurasa zangu ukumbini, baba akaja akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu ya mlango. Nilipofika kwenye gauni nikasema shangazi alilishona kwa cherehani, lesi na yote. Baba akasema: "Lesi aliishona kwa mkono. Cherehani iliharibika usiku ule. Mimi nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano."

Nikafuta, nikaandika kama alivyosema. Hakwenda kuangalia kuku.

Niliwaomba ruhusa ya kuleta habari hii kwenye jarida letu. Baba akakubali. Bibi naye akakubali, kwa sharti moja: jina la mwanawe lisitembee kwa watu wasiomjua. Akasema niliandike mahali pake. Limeandikwa kwa penseli, nyuma ya picha, pale pale upande wa tundu, pamoja na mwaka aliozaliwa na kazi yake: fundi.